Kombora Moja, Majeshi Mawili: Nani Mwenye Ufunguo wa Ghala?



Majuzi, katika darasa langu la kidato cha tano hapa Uganda, tulisoma habari fupi kuhusu ulinzi wa anga nchini Ukraine. Niliichagua kwa ajili ya msamiati tu. Nilitaka wanafunzi watofautishe roketi na kombora, mtambo na chombo, akiba na ghala. Tulipofika aya ya tatu, kijana mmoja akanyoosha mkono: "Mwalimu, hapa imeandikwa kwamba kombora hili lilitengenezwa kwa ajili ya ndege. Mbona linarushwa kutoka ardhini?" Kabla sijafungua kinywa, msichana aliyeketi nyuma yake akaongeza: "Na kama ndege zinalitaka, na askari wa ardhini nao wanalitaka, basi ni la nani?"

Swali la kwanza ni la fizikia, nami nililijibu kwa dakika tano. Swali la pili ni la uraia. Kengele ililia kabla sijalipatia jibu la kuridhisha, na tangu siku hiyo sijaacha kulifikiria. Makala hii ni deni ninalomlipa msichana yule, na ni mwaliko kwako wewe msomaji ulitafakari pamoja nasi.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Ninaamini kwamba nchi inayomudu kutumia kombora moja katika jeshi la anga na katika vikosi vya ardhini hufanya jambo la busara. Hata hivyo, busara hiyo haitimii siku ya kununua. Hutimia pale tu ilipoandikwa, kabla ya vita, ni nani atakayegawa makombora hayo yatakapopungua. Taifa linaloshiriki silaha bila kushiriki kanuni ya mgao limeahirisha ugomvi tu, na limeuahirisha hadi siku mbaya kuliko zote.

Maneno kabla ya hoja

Zamani, neno kombora lilitumika kwa tufe lililofyatuliwa na mzinga. Katika habari za leo, kombora (wingi wake makombora) kwa kawaida ni chombo chenye injini ya roketi na uwezo wa kuongozwa kikiwa angani. Roketi ya kawaida ikishaondoka huenda kule ilikoelekezwa. Kombora huweza kugeuka na kumfuata anayelikimbia. Ghala ni mahali pa kuhifadhia. Akiba ni kile kilichohifadhiwa. Zingatia tofauti hiyo, maana ghala linaweza kuwa na mlango imara na walinzi kumi, na ndani yake kusiwe na akiba yoyote.

Kombora tulilolisoma darasani linaitwa AIM-120, maarufu kwa jina la AMRAAM. Lilianza kazi katika jeshi la anga la Marekani mwaka 1991. Urefu wake ni mita 3.7 hivi na uzito wake ni kilo 150 na ushei. Katika pua yake mna rada ndogo ambayo, katika hatua ya mwisho ya safari, humtafuta adui yenyewe bila kumtegemea rubani aliyelirusha. Lilikusudiwa ndege za kivita zipambane na ndege nyingine hata pale ambapo rubani hamwoni adui kwa macho.

Katika miaka ya 1990, Norwe ikishirikiana na wahandisi wa Marekani ilijiuliza swali jepesi: ikiwa rada ya kombora hili haitegemei macho ya rubani, kwa nini lisirushwe kutoka ardhini? Jibu likawa mfumo uitwao NASAMS, wenye rada ya ardhini, chumba cha kuongozea mapigano, na mitambo ya kurushia yenye nafasi ya makombora 6 kila mmoja. Kombora lile lile lililoning'inizwa chini ya bawa la ndege likaingizwa ndani ya kasha, na kasha likawekwa juu ya mtambo.

Na hilo ndilo jibu nililompa kijana wangu, pamoja na tahadhari moja. Kombora lirushwalo na ndege huanza safari likiwa tayari na mwendo na kimo, katika hewa nyepesi ya juu. Lirushwalo kutoka ardhini huanza likiwa limesimama, na hutumia sehemu kubwa ya nguvu zake kuikwea hewa nzito ya chini. Kwa hiyo chuma ni kile kile, lakini masafa si yale yale. Rubani na mpiganaji wa ardhini wanashika kitu kimoja chenye thamani tofauti mikononi mwao. Likumbuke jambo hili, kwa sababu ndilo mzizi wa ugomvi wote nitakaoueleza.

Faida ya kushirikiana

Wahenga walisema kidole kimoja hakivunji chawa. Katika mambo ya silaha, maana yake ni hii: majeshi mawili yakitumia kombora moja, kiwanda hutengeneza kwa wingi, na kwa kawaida gharama ya kila moja hupungua. Mafundi hujifunza kazi moja badala ya mbili. Vipuri hutoka katika rafu moja. Upimaji wa kila mwaka hufanywa kwa vyombo vile vile.

Australia ni mfano mzuri. Ilipoamua kubadilisha ulinzi wa anga wa jeshi lake la nchi kavu, ilichagua mfumo wa NASAMS, na mwaka 2019 serikali iliidhinisha mradi huo kwa bajeti ya hadi dola bilioni 2.5 za Australia. Moja ya sababu ilikuwa kwamba AMRAAM lilikuwa tayari limo nchini, likibebwa na ndege za jeshi la anga. Hawakuhitaji kuanza upya na kombora wasilolijua. Jirani zetu wa ng'ambo ya bahari, Oman, ambako Kiswahili kina wazungumzaji wake wa miaka mingi, nao waliagiza mfumo huo mwaka 2014, ilhali ndege zao za F-16 hutumia kombora hilo hilo.

Ukitaka kujua hasara ya kukataa kushirikiana, turudi nyuma hadi vita vya Vietnam. Kombora la Sidewinder lilibuniwa na wanamaji wa Marekani na likaanza kazi mwaka 1956. Jeshi la anga nalo lilikuja kulitumia. Lakini jeshi hilo lilikuwa na kombora lake lenyewe, Falcon, na ndege mpya za F-4D zilipopelekwa vitani mwaka 1967 zilibeba Falcon badala ya Sidewinder. Falcon halikulipuka lipitapo karibu na shabaha. Lilihitaji kuigonga hasa. Kifaa chake cha kutambua joto kilihitaji kupozwa kwanza, na kipozeo chenyewe kilikuwa kidogo. Kamanda mmoja, Kanali Robin Olds, alichoshwa nalo kiasi kwamba aliamuru ndege zake zifungwe waya upya ili zibebe Sidewinder.

Tazama, msomaji wangu. Dawa ilikuwa katika kabati la ndugu, na kilichozuia mkono usiifikie ni fahari ya taasisi. Waliolipia fahari hiyo ni marubani waliokuwa angani. Kwa hiyo anayesema kwamba kila jeshi liachiwe silaha zake ili kuepusha migogoro hanishawishi. Ni kweli kwamba mafahali wawili hawakai zizi moja. Lakini majeshi ya taifa moja si mafahali, na zizi si lao. Ni la wananchi.

Hatari ya kutaka kila kitu

Hata hivyo, kushirikiana kuna mitego yake, na ule wa kwanza ni tamaa.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Marekani ilipanga kombora moja la pamoja ambalo lingechukua nafasi ya matatu: Hellfire la helikopta, TOW lililotumika dhidi ya vifaru, na Maverick lililobebwa na ndege. Jeshi la nchi kavu, wanamaji na Marine Corps wote walikuwa na haja zao. Mmoja alitaka lirushwe kutoka kwenye helikopta iliyosimama angani. Mwingine alitaka lirushwe kutoka kwenye ndege iendayo kasi, lenye kustahimili baridi ya juu na mtikisiko wa kutua melini. Mkataba ulitolewa mwaka 2004, na mwishoni mwa mwaka huo huo Wizara ya Ulinzi ikaamua kuufuta.

Wazo lilirudi baadaye kwa jina jipya, JAGM. Mwanzoni lilipangwa kuwa na njia tatu za kutafuta shabaha: leza, taswira ya joto na rada. Gharama zikapanda, wahusika wakasitasita, na mahitaji yakapunguzwa. Njia tatu zikawa mbili, leza na rada. Ndege ziendazo kasi zikaondolewa katika mpango, zikabaki helikopta. Sehemu ya nyuma ya kombora ikachukuliwa kutoka kwa Hellfire lililokuwapo. Ilipofika 2022 ndipo helikopta za Marine Corps zilipotangazwa kuwa tayari kulitumia. Hesabu mwenyewe: kutoka 2004 hadi 2022 ni miaka 18. Mtoto aliyezaliwa siku ya mkataba wa kwanza alikuwa amefikia umri wa kupiga kura.

Linganisha na NASAMS. Wanorwe hawakukaa mezani kubuni kombora la kumfurahisha kila mtu. Walichukua lililokuwapo, lililokwisha kujaribiwa, wakauliza kama linatosha kwa kazi ya pili. Na pale ambapo halikutosha, yaani pale watu wa ardhini walipotaka masafa marefu zaidi, wahandisi walibuni toleo liitwalo AMRAAM-ER, lenye kichwa cha AMRAAM na injini kubwa zaidi iliyotokana na kombora la kulinda meli. Toleo hilo ni la kurushwa kutoka ardhini. Kilichoshirikiwa ni ubongo. Mwili ukaachwa kila mmoja awe na wake.

Fundisho langu la kwanza, basi, ni hili: shirikianeni kile ambacho kweli ni cha pamoja, na msione haya kutenganisha kile kisichokuwa cha pamoja. Mpango wa kijeshi unaoorodhesha matakwa ya kila kikosi bila kumwambia yeyote "hapana" bado haujawa mpango. Ni barua ya maombi.

Kasoro moja, wagonjwa wengi

Mtego wa pili hauonekani hadi unapofyatuka. Majeshi mawili yanapotumia kombora moja, huugua ugonjwa mmoja.

Kati ya 2010 na 2012, utengenezaji wa AMRAAM ulikwama kwa sababu ya injini zake. Injini mpya hazikufanya kazi ipasavyo zilipojaribiwa katika baridi kali, na ndege za kivita huruka katika baridi kali kila siku. Makombora yakachelewa, malipo kwa mtengenezaji yakazuiwa, na wateja wakasubiri. Suluhisho lilitoka Norwe, katika kampuni ya Nammo, ambayo injini zake zilifaulu. Laiti chanzo cha pili kisingepatikana, wote waliolitegemea kombora hili, wa angani na wa ardhini, wangekaa pamoja wakisubiri.

Wahenga wetu walisema akiba haiozi. Niwie radhi, mwanafunzi wangu, nikikueleza kwamba kombora huoza. Kemikali za injini huzeeka. Betri hufa. Lile lililobebwa chini ya bawa mara nyingi huchakaa kwa mtikisiko hata kama halijawahi kurushwa. Kwa hiyo anayekuambia "tuna makombora ghalani" amekuambia nusu ya habari. Muulize yanapimwa lini, na mangapi yamefaulu.

Fundisho la pili: ukiamua kuweka mayai yote katika kapu moja, lazima utumie sehemu ya fedha ulizookoa kulitunza kapu hilo. Nchi inayosherehekea punguzo la bei na kusahau kutenga fedha za upimaji na za kutafuta mtengenezaji wa pili haikuokoa kitu. Imekopa kutoka kwa kesho yake.

Usiku wa uamuzi

Sasa tufike penye swali la yule msichana: ni la nani?

Ukraine ilipokea mifumo yake ya kwanza ya NASAMS mnamo Novemba 2022, wakati mashambulizi ya Urusi yalipokuwa yakiharibu mitambo ya umeme majira ya baridi yakikaribia. Mwezi Agosti 2024, Rais Zelensky alithibitisha kwamba ndege za F-16 zimeanza kutumika nchini mwake. Ndege hizo nazo hubeba AMRAAM. Tangu siku hiyo, kila kombora linalovuka mpaka lina njia mbili mbele yake: kuingia katika kasha la mtambo unaolinda mji, au kuning'inizwa chini ya bawa la ndege.

Hebu tufanye zoezi la darasani. Tuseme wewe ndiwe mwenye ufunguo wa ghala, na ndani mna makombora 60. Takwimu hii ni ya zoezi tu. Kamanda wa ulinzi wa mji anakuambia kwamba ana mitambo 8 yenye nafasi 6 kila mmoja, hivyo anahitaji 48 kuijaza mara moja, na anataka mengine kama hayo kwa usiku unaofuata. Kamanda wa ndege anakuambia kwamba kombora moja mikononi mwa rubani linafika mbali kuliko lile la ardhini, kwamba rubani anaweza kulipeleka popote adui alipo, na kwamba ndege isiyo na kombora ni shabaha tu. Wote wawili wanasema kweli. Wa kwanza anazungumza kwa niaba ya hospitali na kituo cha umeme. Wa pili anazungumza kwa niaba ya anga ya nchi nzima. Kombora moja linagharimu kiasi cha dola milioni 1, nalo huenda likatumika kuiangusha ndege isiyo na rubani iliyogharimu makumi ya maelfu tu. Utampa nani?

Ukinijibu kwamba utagawa nusu kwa nusu, nitakuambia kwamba hujagawa, umeukimbia uamuzi. Thelathini hayatoshi kuijaza mitambo ya mji hata mara moja, na huenda ndege zisihitaji thelathini wiki hiyo. Mgao wa haki hutazama hatari, na hatari hubadilika.

Nchini Ukraine kuna jambo moja linalopunguza ugumu: mitambo hiyo ya ardhini na ndege zote zimo ndani ya jeshi la anga. Yupo mkuu mmoja juu ya makamanda wote wawili. Ndivyo ilivyokuwa Norwe pia, ambako NASAMS ilianza maisha yake ndani ya jeshi la anga ikilinda viwanja vya ndege. Australia ni tofauti: mitambo ni ya jeshi la nchi kavu, ndege ni za jeshi la anga. Sisemi kwamba mpango wa Australia ni mbaya. Nasema kwamba pale penye majeshi mawili, ngazi ya uamuzi lazima ipande juu zaidi, mpaka imfikie mtu asiyevaa sare ya upande wowote. Na mtu huyo lazima ajulikane kwa cheo kabla ya usiku wenyewe.

Tena, ghala la nyumbani si mwisho wa habari. Mnamo Julai 2025, Marekani ilisitisha kwa muda baadhi ya silaha zilizokuwa njiani kwenda Ukraine, ikieleza kwamba inaangalia hali ya akiba yake yenyewe. Baada ya siku chache usafirishaji ulianza tena. Kumbe aliyekuwa akigawa hakuwa Kyiv peke yake. Juu ya mwenye ufunguo yupo mwenye ufunguo mwingine. Nchi isiyotengeneza kombora inaloshirikisha majeshi yake inapaswa kuliingiza jambo hili katika mpango wake tangu mwanzo, wala isijifanye kushangaa baadaye.

Je, haya ni siri ya jeshi?

Najua pingamizi utakalonitolea, maana darasani lilitolewa: "Mwalimu, mambo ya silaha ni siri. Raia hapaswi kuuliza." Pingamizi hilo lina uzito, nami silidharau. Idadi kamili ya makombora, mahali yalipo, na siku yatakapohamishwa ni siri halali. Anayeyatangaza anamsaidia adui, na mwalimu anayemfundisha mwanafunzi kuyatafuta anapotosha.

Lakini tofautisha siri ya akiba na siri ya kanuni. Adui hafaidiki akijua kwamba taifa lina afisa mmoja mwenye mamlaka ya kugawa. Hafaidiki akijua kwamba sheria inataka kiwango fulani cha akiba kisiguswe bila idhini, ilimradi hajui kiwango chenyewe. Hafaidiki akijua kwamba kamati ya Bunge, ikiketi faraghani ikihitajika, hupokea kila mwaka taarifa ya makombora yaliyopimwa na yaliyofeli. Anayefaidika na ukimya juu ya mambo haya ni yule tu anayeogopa kuulizwa.

Hapa kwetu Uganda tuna sababu ya kulijua jambo hili. Katiba yetu, katika Ibara ya 208, inataka jeshi liwe la kitaifa, lenye nidhamu, na lililo chini ya mamlaka ya kiraia. Na bado mwaka 2011 nchi ilijadili ununuzi wa ndege 6 za kivita aina ya Su-30 kutoka Urusi, pamoja na vifaa vingine, kwa gharama iliyotajwa kuwa takriban dola milioni 740, na Bunge likaombwa kuidhinisha fedha ambazo zilikuwa zimekwisha kutolewa. Sikukumbushi haya ili kuhukumu kama ndege zilihitajika au la. Wapo waliosema ndiyo kwa hoja nzito, na wapo waliosema hapana. Ninalotaka ulione ni mpangilio: uamuzi ulitangulia, mjadala ukafuata. Bunge linaloulizwa baada ya tendo haliulizwi, linaarifiwa.

Liko jambo jingine linalonigusa mimi kama mwalimu wa Kiswahili. Katika nchi hii, kwa miaka mingi Kiswahili kilifahamika kama lugha ya askari. Wazazi wengine hawakutaka watoto wao wajifunze, kwa kuwa waliisikia ikitamkwa kama amri, si kama mazungumzo. Leo ni lugha rasmi ya pili ya nchi, na wewe unajifunza kuisoma na kuiandika. Basi itumie kuuliza. Lugha iliyotumika kumwamuru raia inaweza pia kutumika na raia kumwuliza, kwa heshima na bila woga, yule anayemlinda: "Mheshimiwa, umepanga nini?"

Mpango ninaouunga mkono

Nikijumlisha, ningependa mpango wowote wa kombora la pamoja, katika nchi yoyote, ujibu maswali manne kabla ya fedha kutoka. Je, haja za majeshi yote mawili zinalingana kweli, au zimelinganishwa kwenye karatasi tu? Kasoro ikitokea, nani atatengeneza, na makombora yanapimwa kila baada ya muda gani? Akiba ikipungua, ni cheo gani, cha mtu mmoja, chenye mamlaka ya mwisho ya kugawa? Na ni chombo gani cha wananchi kitakachompigia hesabu mtu huyo baadaye?

Maswali mawili ya kwanza ni ya wahandisi. Mawili ya mwisho ni yako. Huhitaji kujua jinsi rada inavyofanya kazi ili uyaulize, kama vile mzazi asivyohitaji kuwa mpishi ili aulize kwa nini chakula cha shule kimewafikia watoto wa bweni moja na kukosekana katika jingine. Kuuliza si ujinga.

Kwa yule msichana wa safu ya nyuma, jibu langu ni hili: kombora si la rubani, wala si la askari wa ardhini. Ni la wale walio chini yake linapopaa, yaani mama anayelala na wanawe katika ghorofa lililo karibu na kituo cha umeme, na mzee anayesikia king'ora na kuhesabu sekunde. Wao ndio waliolilipia, na wao ndio watakaolala gizani likikosekana. Rubani na askari ni wadhamini tu, na mdhamini mwema hana shida kuonyesha daftari lake.

Zoezi lako la wiki hii, msomaji: chukua lile tatizo la makombora 60, uandike aya mbili. Katika ya kwanza, mtetee kamanda wa mji. Katika ya pili, mtetee kamanda wa ndege kwa nguvu ile ile. Kisha useme ni nani anayepaswa kuamua kati yao, na kwa nini umemchagua huyo. Usiandike utakavyoamua wewe. Andika nani aamue, na nani amwulize. Tutasomeana darasani Jumatatu.